Maiti Zilibaki, Kofia Ikafunikwa

Mwaka 1973 mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut aliliambia gazeti la Chicago Tribune kwamba hadhani amewahi kuona filamu inayopinga vita. Kila filamu ya vita, kwa maoni yake, mwishowe huvipigia debe. Kauli hii imerudiwa mno, mara nyingi na watu wanaotaka kufunga mjadala mapema, lakini huwezi kuipuuza hivi hivi. Ina ushahidi, na ushahidi wake mzito kuliko wote umo ndani ya filamu nyingine.

Filamu hiyo ni Jarhead ya Sam Mendes, ya mwaka 2005, iliyotokana na kumbukumbu za Anthony Swofford, askari wa kikosi cha Marine cha Marekani aliyepelekwa kwenye Vita vya Ghuba. Kabla ya safari, vijana wamejaa kwenye ukumbi wa kambi wakionyeshwa Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola. Imefika pale helikopta zinapokiendea kijiji cha Vietnam huku muziki wa Wagner ukitoka kwenye vipaza sauti. Ukumbi mzima unauimba. Wanarusha ngumi hewani, wanawaelekeza warusha makombora wapige wapi, wanashangilia kila kinacholipuka. Mara onyesho linakatizwa: Irak imeivamia Kuwait, kazi imeanza. Filamu ambayo dunia imeiweka kwenye rafu ya filamu za kupinga vita imegeuka ngoma ya kuwapandisha vijana mori. Swofford alikwisha kuliandika hilo kitabuni bila kumung'unya maneno: kwa askari, filamu zote za Vietnam zinaunga mkono vita, awe mwongozaji alikusudia hili au lile. Na utamu kwa wapenda sinema ni huu: Walter Murch, mmoja wa wahariri wa filamu ya Coppola na aliyeisanifu sauti yake, ndiye huyo huyo aliyeihariri Jarhead. Alikaa mezani akikata picha za vijana wakiishangilia kazi yake mwenyewe.

Sehemu ile ya helikopta nimeirudia kuliko inavyostahili. Coppola hakuwa mjinga. Ndani ya vurugu ile ameweka sekunde chache za haki. Muziki ukiwa umepamba moto, picha inakatwa ghafla na kutua kwenye uwanja wa kijiji: kimya, watoto wa shule, mwalimu wao, asubuhi ya kawaida. Halafu mlio unasikika kwa mbali na watu wanaanza kukimbia. Kwa muda huo mfupi tuko chini, pamoja na wanaokuja kuuawa. Lakini kamera haikai. Inarudi juu, inapanda helikopta, na hapo hata mimi mguu huanza kucheza kuufuata muziki. Siti ndiyo inayoamua. Ukimpa mtu siti ya rubani, hatakumbuka msimamo wake kuhusu vita. Atakumbuka kwamba anaruka. (Helikopta zenyewe zilikuwa za jeshi la Ufilipino, na katikati ya upigaji picha ziliitwa zikapigane na waasi wa kweli. Vita halisi vilikuwa vimepanga foleni nyuma ya vita vya sinema.)

Steven Spielberg alijaribu njia nyingine. Badala ya kumpandisha mtazamaji angani, mwaka 1998 alimtupa majini. Dakika kama 24 za Saving Private Ryan zinazoonyesha kutua kwa askari kwenye ufukwe wa Omaha, Juni 1944, zilibadilisha jinsi vita vinavyopigwa picha. Janusz Kamiński, mpigapicha wake, aliondoa utando wa kinga kwenye lenzi na kufupisha muda wa shata ya kamera kufunguka, ndiyo maana kila punje ya mchanga inaonekana imekatika peke yake na kila mwendo unakuwa wa kushtukashtuka. Askari mmoja anazungukazunguka kama aliyeangusha funguo, kisha anauokota mkono wake mwenyewe na kuondoka nao. Maveterani walioitazama waliamshiwa mambo kiasi kwamba idara inayowahudumia huko Marekani ilifungua laini ya simu kwa ajili yao.

Sina ubishi na dakika zile. Ugomvi wangu uko kwenye saa mbili na ushei zinazofuata, ambapo filamu inajipatia kazi ya kufanya: yupo mtu wa kuokolewa, lipo daraja la kulinda, upo ujanja wa kulipua vifaru kwa soksi zilizopakwa grisi. Kelele zile zote za mwanzo zinakuwa nauli tu ya kumfikisha mtazamaji kwenye mkasa mtamu. Mwaka uliofuata ukatoka mchezo wa video Medal of Honor, ulioanzia kwenye wazo la Spielberg huyo huyo, na kufikia 2002 toleo moja la mfululizo ule lilikuwa na ufukwe wa Omaha ndani yake, tayari kuchezwa. Sishangai. Kelele, hata za kutisha namna gani, zina raha yake. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, ukitoka ukumbini unajisikia umeponea chupuchupu. Watu hulipa kiingilio kwa ajili ya hilo hasa.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza nikitazama filamu ya namna hii si damu imemwagika kiasi gani. Nauliza nimekalishwa wapi, na nimepewa nini cha kufurahia.

Filamu iliyoninyima kila kitu cha kufurahia ni Come and See ya Elem Klimov, ya mwaka 1985. Jina limetoka Ufunuo wa Yohana. Ni Belarusi, 1943, chini ya Wajerumani. Flyora, kijana wa kubaleghe, anachimbua bunduki mchangani kwenye uwanja wa mapigano ya zamani, maana bila bunduki wapiganaji wa msituni hawampokei. Anatabasamu kwa meno yote. Ana sura ya mtoto anayekwenda harusini. Kambini wenyewe wanamnyang'anya hata viatu vyake vizuri na kumwachia vibovu, kisha wanaondoka bila yeye. Mabomu yanapiga msitu, masikio yake yanaziba, na kuanzia hapo filamu nzima inapigwa mluzi mwembamba kichwani mwako pia.

Anarudi kijijini kwao na msichana aitwaye Glasha. Nyumbani hamna mtu. Ndani kuna nzi. Wanasesere wa wadogo zake wamelazwa sakafuni kwa mstari. Jikoni kuna chungu cha supu, bado ya vuguvugu, na Flyora anampakulia mgeni wake, wanakula. Nzi wanazidi. Wewe mtazamaji umekwisha kuelewa, Glasha naye anaanza kuelewa, lakini kijana anang'ang'ania kwamba anajua walikojificha, wako kisiwani, ng'ambo ya kinamasi, twende. Wanatoka mbio. Glasha, akikimbia, anageuza shingo. Nyuma ya nyumba, ukutani, wamerundikwa wote, uchi, kama kuni. Kamera inaona alichokiona yeye, kwa muda ule ule aliouona yeye, na haisubiri. Hakuna kusogea karibu, hakuna kuchagua uso wa mtoto mmoja wa kutuliza. Flyora hakugeuka. Tunaendelea kukimbia naye kuelekea kisiwani tukiwa tunajua, yeye hajui, na sijui filamu nyingine iliyonichosha mwili kiasi hicho kwa jambo lililopita kwenye kioo upesi namna ile.

Baadaye linakuja kanisa la mbao, watu wa kijiji kizima wamefungiwa ndani, na moto. Wajerumani na vibaraka wao wanapiga makofi. Wanapiga na picha ya ukumbusho, bastola ikiwa kichwani mwa Flyora. Mwandishi mwenza wa filamu, Ales Adamovich, alikuwa mpiganaji wa msituni tangu akiwa kijana mdogo, na pamoja na wenzake alizunguka vijijini kukusanya simulizi za walionusurika. Mwishoni maandishi yanataja vijiji 628 vya Belarusi vilivyochomwa pamoja na wakazi wake. Klimov aliisubiri ruhusa ya kuitengeneza kwa miaka mingi, na baada yake hakutengeneza filamu nyingine hadi kufa kwake. Rafiki niliyemlazimisha kuitazama aliniambia nimkome. Tangu hapo siilazimishi kwa mtu.

Kuna mzozo wa zamani kidogo unaohusu ile shingo ya Glasha, ingawa ulitokea kabla yake. Mwaka 1961, katika jarida la Cahiers du cinéma, mkosoaji Jacques Rivette aliishambulia Kapò ya Gillo Pontecorvo, filamu ya kambi ya mateso. Mfungwa mmoja anajitupa kwenye seng'enge ya umeme, anakufa, na kamera inasogezwa mbele taratibu ili kiganja chake kilichoinuka kikae vizuri pembeni mwa picha. Kwa Rivette, mtu anayeamua kuisogeza kamera hivyo anastahili dharau kubwa kabisa. Wengi humwona Rivette amepitiliza. Mimi naona alikuwa sahihi, na sababu si adabu tu: mtu anayepanga maiti ipendeze amekwisha kuhama kutoka upande wa maiti. Kwa haki ya Pontecorvo niseme kwamba miaka michache baadaye alitengeneza The Battle of Algiers, ambamo kamera haipangi chochote kipendeze.

Donda hili la kupendeza ndilo linalonisumbua kwenye filamu nyingi zilizotengenezwa kuhusu watoto wenye bunduki barani Afrika. Beasts of No Nation ya mwaka 2015 ina kijana Abraham Attah anayeigiza mpaka unasahau anaigiza. Lakini dawa za kulevya zinapomwingia, majani ya msitu yanageuka waridi na zambarau, mauaji yanapita kama ndoto ya kupendeza, na mimi nabaki nikiusifia ufundi. Johnny Mad Dog, ya 2008, iliyopigwa Liberia na vijana ambao wengi wao walikuwa wamepigana kweli, ina nguvu ya ajabu na pia ina kitu cha kutisha kisichokusudiwa: vijana wale wanajua kushika bunduki kuliko mwongozaji anavyojua kuwatazama. Mabango ya filamu za aina hii yanafanana. Mtoto, bunduki ndefu kuliko yeye, macho mekundu. Nani alimuuzia bunduki hiyo? Hilo halipo kwenye bango, na mara nyingi halipo hata kwenye filamu.

Ndiyo maana naipenda Un homme qui crie ya Mahamat-Saleh Haroun, wa Chad, iliyopata Tuzo ya Jopo kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2010. Vita vimo, lakini unavisikia kwenye redio na helikopta zikipita. Adam, bingwa wa zamani wa kuogelea, anasimamia bwawa la hoteli mjini N'Djamena. Wamiliki wapya wanampa mwanawe Abdel kazi ile, yeye wanamweka getini kufungua na kufunga. Wakati huo huo kiongozi wa mtaa anamdai mchango wa vita: alete pesa, na kama hana pesa, ana mtoto. Askari wanamchukua Abdel mchana kweupe, baba akiwa ndani ya nyumba, anasikia. Bwawa linarudi mikononi mwake. Hakuna risasi hata moja katika sehemu hiyo, na hakuna mtu wa kumshangilia. Haroun, aliyeikimbia vita ya kwao akiwa kijana, anajua kwamba vita huingia kwanza kwenye hesabu za nyumba.

Isao Takahata naye alijua. Grave of the Fireflies, katuni yake ya mwaka 1988, inawafuata Seita wa miaka 14 na mdogo wake Setsuko wa miaka 4 baada ya mji wa Kobe kuchomwa na mabomu ya Wamarekani. Watazamaji wana sheria yao, kwamba steringi hafi. Takahata anaivunja kabla hujakaa vizuri: kijana anakufa kwenye stesheni ya Sannomiya tangu mwanzo, na mfanyakazi wa stesheni anatupa nje kijikopo cha peremende alichokutwa nacho. Baada ya hapo huna cha kusubiri. Kilichobaki ni kutazama jinsi inavyofika huko: shangazi anayepunguza uji taratibu, anayesema neno moja la kuudhi kila siku, kiburi cha kijana kuondoka kwake, pesa za marehemu mama zilizoko benki, ambazo Seita anakwenda kuzitoa wakati chakula cha kununua karibu hakipo na Setsuko hawezi tena kumeza. Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi yenyewe, alifiwa na dada yake mdogo kwa utapiamlo. Takahata mwenyewe alikuwa na miaka 9 mji wa Okayama ulipopigwa mabomu, Juni 1945, na alikimbia motoni.

Mtu wa namna hiyo, mwenye filamu ya namna hiyo, alikataa katakata kuitwa mtengenezaji wa filamu ya kupinga vita. Hoja yake inauma kuliko ya Truffaut. Alisema kuonyesha mateso ya watu chini ya mabomu hakuzuii vita, kwa sababu wanaovianzisha nao husema hivyo hivyo: tunapigana ili mateso yale yasitupate tena. Machozi yako kwa Setsuko yanaweza kununuliwa na chama chochote.

Nimeitafuna hoja hiyo kwa muda mrefu, na naikubali karibu yote. Lakini kuna watu wasioikubali, na cha ajabu ni wale wenye mamlaka. Kama filamu hizi hazifui dafu, kwa nini zinapigwa marufuku? Nikaanza kuangalia si filamu zinazosifiwa bali zilizofungiwa, na ndani yake nilichokiona si damu.

Chukua Nuit et brouillard ya Alain Resnais, ya 1955, dakika 32 kuhusu kambi za Wanazi, maneno yakiwa ya Jean Cayrol aliyenusurika kambi ya Mauthausen. Ina tingatinga linalosukuma maiti shimoni. Ina vichwa kwenye kapu. Wakaguzi wa Ufaransa walikuwa na malalamiko zaidi ya moja, lakini mvutano ulipokwisha, kilichokubaliwa kuondoka ni kofia. Picha moja ya kambi iliyokuwa kwenye ardhi ya Ufaransa ilionyesha, mbele kabisa, mlinzi mwenye kepi ya polisi wa Kifaransa. Ikabidi ichorwe boriti ya kuificha. Maiti zilibaki, kofia ikafunikwa. Miaka mingi ikapita kabla haijaonekana tena.

Au Paths of Glory ya Stanley Kubrick, 1957. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jenerali wa Kifaransa ameahidiwa cheo, anaamuru shambulio lisilowezekana, na linaposhindikana anaiagiza mizinga ipige mahandaki ya askari wake mwenyewe. Ofisa wa mizinga anamjibu kwa simu kwamba bila amri ya maandishi hapigi. Nalipenda jibu hilo kuliko hotuba zote za mwigizaji mkuu, Kirk Douglas, humo ndani: karatasi ndiyo kitu pekee ambacho jenerali hana ujasiri wa kukikabili. Basi wanachaguliwa askari watatu wauawe kwa uoga ili wengine wajifunze. Mmoja amechaguliwa kwa kura. Usiku amepasuka fuvu. Asubuhi wanambeba kwa machela, wanamfunga nayo kwenye nguzo, na sajenti anaagizwa amfinye mashavu ili awe macho anapopigwa risasi. Vita vyenyewe, vile vya mahandaki, vinachukua dakika chache. Sehemu kubwa ya filamu iko kwenye kasri, sakafu inang'aa, watu wanakunywa. Haikuonyeshwa Ufaransa mpaka 1975.

Mwongozaji John Huston, akiwa kazini kwa jeshi la Marekani, alipiga picha askari waliorudi vitani wakiwa wameharibika akili, katika hospitali moja ya Long Island. Mmoja hatembei ingawa miguu haina jeraha. Mwingine neno halitoki. Hakuna bomu hata moja katika Let There Be Light, watu wanakaa na madaktari wanazungumza. Jeshi liliikamata mwaka 1946, likitaja faragha ya wagonjwa, na umma haukuiona mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfano mmoja unakwenda kinyume nami, nao ni The War Game ya Peter Watkins: BBC ilikataa kuirusha mwaka 1965 ikisema inatisha mno, ikaja kuirusha 1985, na kweli inatisha, ina watu walioungua kwa bomu la nyuklia. Hata hivyo ndani yake Watkins amewachukua viongozi na mipango yao ya kuwalinda raia na kuiweka kando ya maiti, na sidhani kama maiti peke yake zingeizuia miaka 20.

Filamu ya kwanza kubwa ya aina hii baada ya sauti kuingia sinema ilikutana na jambo hilo hilo. All Quiet on the Western Front ya Lewis Milestone, inayowafuata vijana wa Kijerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, ilifika Berlin Desemba 1930. Joseph Goebbels, kiongozi wa Wanazi mjini humo, na watu wake waliingia ukumbini na mabomu ya uvundo na panya weupe, na kabla ya wiki mbili serikali ikaipiga marufuku. Filamu ile ina mikono miwili iliyobaki imeshika seng'enge baada ya mlipuko, picha ambayo haijachuja mpaka leo. Lakini naamini kilichowakera zaidi kiko darasani. Mwanzoni mwalimu anawahubiria vijana mpaka wanatupa vitabu na kwenda kujiandikisha. Katikati Paul, mmoja wa vijana wale, anarudi likizo, anamkuta mwalimu yule yule na darasa jipya, anaombwa aseme neno la kishujaa. Anawaambia kufa kwa ajili ya nchi ni jambo chafu na la maumivu. Wanafunzi wanamzomea, mwoga! Milestone aliingiza ndani ya filamu jibu ambalo filamu yake ingelipata mjini.

Toleo jipya la 2022, la Edward Berger, limeifuta likizo hiyo kabisa. Lina mwanzo mzuri mno: gwanda la askari aliyekufa linavuliwa, linafuliwa kwenye maji yanayogeuka mekundu, linashonwa matundu kwenye chumba cha cherehani zinazolia kama rashasha, kisha anapewa Paul. Jina la mwenzake bado limo kolani. Afisa analing'oa na kulitupa chini ya meza, anasema huenda lilikuwa dogo kwa mwenyewe. Angeendelea hivyo ningemvulia kofia. Badala yake tunapata matope mazuri, ukungu mzuri, anga nzuri. Mwaka 2023 ilipata Oscar nne, mojawapo ya upigaji picha.

Lew Ayres, kijana aliyemwigiza Paul mwaka 1930, alipoitwa jeshini mwaka 1942 alikataa kubeba silaha. Kumbi kadhaa zikagoma kuonyesha filamu zake. Alikubaliwa kama mhudumu wa tiba na akatumikia Pasifiki, chini ya mabomu, bila bunduki. Ni mtu mmoja, na huenda angekuwa hivyo hata bila filamu. Namtaja kwa kuwa Truffaut hakuwahi kumweka kwenye hesabu.

Hesabu ndizo zinazonirudisha kila mara kwa Camp de Thiaroye ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, ya mwaka 1988. Tukio ni la kweli: tarehe 1 Desemba 1944, karibu na Dakar, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wake wa Kiafrika waliokuwa wametoka kwenye kambi za mateka za Wajerumani na waliokuwa wakidai malimbikizo ya mishahara yao. Sembène mwenyewe alilitumikia jeshi hilo katika vita vile. Filamu ilipata tuzo maalumu ya jopo kwenye tamasha la filamu la Venice, na Ufaransa ilichukua miaka mingi kuionyesha.

Katika filamu askari wanafika wamevaa sare za Kimarekani, wanalazimishwa kuzivua na kurudishiwa kofia nyekundu za kikoloni. Chakula ni kibaya, wanadai nyama. Yumo mmoja, Pays, aliyepita Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi. Amekuwa bubu, havui kofia ya chuma ya Kijerumani. Siku ya kwanza anapoiona seng'enge ya kambi anaishika na kuganda, na mwenzake inabidi amtilie mchanga kiganjani aelewe kwamba hii ni Afrika, amefika nyumbani. Kisha unakuja mshahara. Maofisa wanataka kubadilisha faranga zao kwa nusu ya thamani, wakisema watu kama wao hawawezi kuwa na pesa nyingi hivyo kihalali. Askari wanamzuia jenerali. Anatoa neno la heshima kwamba watalipwa sawa. Wanamwachia, wanacheza ngoma. Usiku Pays yuko kwenye mnara wa ulinzi, anaona vifaru vinakuja, anashuka kuwaamsha wenzake. Hana sauti. Wanamtuliza, wanamwambia Buchenwald imekwisha, lala.

Takwimu rasmi ya Ufaransa ilikuwa watu 35. Wanahistoria wanasema walikuwa wengi zaidi, na bado wanabishana walizikwa wapi. Novemba 2024, kuelekea miaka 80 ya tukio, Rais Emmanuel Macron aliandika barua kwa Rais wa Senegal akiliita mauaji ya umati.

Filamu ina saa mbili na nusu. Sehemu kubwa yake watu wanazungumza juu ya mlo, sare na kiwango cha kubadilishia pesa, na wengi huona inajivuta. Usiisogeze mbele. Vifaru vinapiga kwa dakika chache tu, na vikifika utakuwa umekwisha kujua kila askari alikuwa akidai nini, na nani alikataa kulipa.